Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Yuko Wapi?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu nirudi kutoka Moroko nimekuwa nikiitafakari methali hii kuliko nilivyowahi kuitafakari shuleni. Kule nililala katika nyumba mbili za wageni, moja Fez na nyingine Marrakech. Zilifanana karibu kwa kila kitu: ua wa ndani, vigae vya rangi, chemchemi, chai ya nanaa, hata feni zilifanana. Tofauti ilikuwa moja tu. Katika nyumba ya kwanza mwenyeji alikuwepo, katika ya pili hakuwepo.

Hoja yangu leo ni kwamba tofauti hiyo si ndogo. Hizi nyumba ndogo za kimila ambazo dunia nzima inazisifia kwa jina la riadi zina maana pale mwenye nyumba anapoishi ndani yake. Akiondoka, kinachobaki ni hoteli ndogo yenye vigae vizuri. Na mji unaowauzia nyumba zake watu wasioishi humo, taratibu unauza kile kile ambacho wageni walikifuata. Nitajaribu kueleza ninavyoona, mtanikosoa mkiona nimepotoka.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Riadi ni neno la Kiarabu lenye maana ya bustani. Kwa asili ni nyumba iliyojengwa kuizunguka bustani, ambayo imegawanywa mafungu manne, ina michungwa au miti mingine ya matunda, na katikati yake kuna chemchemi. Nyumba ambayo ua wake ni sakafu tupu bila bustani, wenyewe wanaiita dar. Ndiyo, dar ile ile ya Dar es Salaam. Sisi tunaitamka kila siku kwenye daladala bila kukumbuka kuwa maana yake ni nyumba. Siku hizi, kwa ajili ya biashara, nyumba yoyote ya kale yenye vyumba vitano na birika la chai inaitwa riadi, hata kama mti pekee uliomo umepandwa kwenye ndoo.

Ukipita nje huwezi kujua kilichomo. Unaona ukuta mrefu uliochakaa, hauna dirisha la maana, halafu mlango. Ukifunguliwa mlango bado huoni kitu, kwa sababu korido ya kuingilia imepindishwa makusudi ili mtu aliyesimama nje asiweze kuchungulia ndani. Unapinda kona moja au mbili, ghafla unatokea kwenye ua, mwanga unashuka kutoka juu, na vyumba vyote vimeelekeza milango na madirisha yao huko. Sababu ni mbili: joto na stara. Kuta nene na ua vinapoza nyumba wakati wa kiangazi, na watu wa nyumbani, hasa wanawake, wanaishi bila kutazamwa na njia.

Sisi watu wa pwani hili halitushangazi sana. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo zimejengwa kuelekea ndani. Lakini kuna tofauti moja niliyoiona. Mswahili alijenga baraza nje, ili hata asiyemjua akae, anywe kahawa, apige soga, kisha aende zake bila kuvuka kizingiti. Mtu wa Fez hana baraza. Njia ni ya watu wote na nyumba ni yake. Kwa hiyo kukaribishwa ndani ni jambo zito kuliko tunavyodhani. Ama umekaribishwa, ama umebaki nje na ukuta.

Sasa niwaeleze nyumba ya kwanza. Nilikuwa Casablanca kwa semina ya waandishi wa habari, na ilipokwisha nikapanda treni kwenda Fez, mwendo wa kama saa nne. Mji wa kale wa Fez, Fez el-Bali, ulianzishwa na ukoo wa Waidrisi kati ya mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9. Katikati yake upo msikiti na chuo cha Al-Qarawiyyin, ambacho kwa mapokeo kilianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Magari hayaingii ndani. Mizigo inabebwa na nyumbu na punda, na ukisikia mtu anapiga kelele "balak!" nyuma yako, usigeuke kumwangalia, jibanze ukutani.

Nyumba niliyofikia ilikuwa na vyumba vitano vya wageni, na bei ilikuwa dirham 350 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Kwa hesabu ya haraka, dola moja ni kama dirham kumi. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sitini na kitu, majirani wote wanamwita Hajja, na mimi nikamwita Hajja. Alizaliwa katika nyumba hiyo. Mume wake alipofariki, watoto walimshauri auze ahamie kwenye ghorofa mji mpya. Alikataa. Akatengeneza vyumba vya juu kwa ajili ya wageni, yeye na mwanawe mkubwa na mkwe wake wakabaki vyumba vya chini.

Swali lake la kwanza halikuwa pasipoti. Aliuliza kama nimekula. Fomu ya polisi, ambayo mgeni hujazishwa kila anapolala kule, ilikuja saa moja baadaye nikiwa nimeshakunywa supu ya harira na glasi tatu za chai. Wale mliolala gesti za mikoani kwetu mnalijua lile daftari kubwa kaunta: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi, lipa kabisa. Kule kwa Hajja na fomu ilijazwa, na pesa ililipwa, ila kila kitu kilikaa mahali pake. Kwanza mtu, halafu karatasi.

Tuliongea kwa Kifaransa chake kichache, Kiarabu changu cha madrasa, na mikono. Ajabu ni maneno tuliyoyakuta sote tunayo: sabuni, sukari, kahawa, baraka. Hilo la mwisho kwao limechukua pia maana ya "inatosha". Unasema baraka ili usiongezewe chakula. Hajja alilisikia neno hilo kutoka kwangu mara nyingi na hakuliamini hata siku moja.

Asubuhi kulikuwa na msemen, ndugu wa damu wa chapati isipokuwa imekunjwa mraba, na baghrir, zile zenye matundu matundu juu kama chila za Zanzibar, pamoja na asali, zeituni na mkate wa moto. Mkate huo ndio ulionifundisha kuhusu mtaa. Unga ulikandwa nyumbani, ukawekwa juu ya ubao, ukafunikwa kitambaa, na mjukuu wa Hajja, mtoto wa miaka tisa hivi, akaupeleka kwenye tanuri la mtaa, ferran. Nilimfuata. Mzee wa tanuri hakuandika popote mkate gani ni wa nani. Anajua mkono wa kila mama kwa namna alivyouviringa.

Mtaa wa kale wa Moroko ulijengwa kuzunguka vitu vitano: msikiti, hamamu, tanuri, bomba au chemchemi ya maji ya wote, na madrasa ya watoto. Hamamu ni bafu la umma la mvuke, na mtu wa Zanzibar aliyepita Hamamni hahitaji maelezo. Vitu hivi vitano vinaishi kwa sababu nyumba zinazovizunguka zina familia. Shikeni hapo, nitaparudia.

Jambo jingine lililonigusa kwa Hajja ni sheria ya paa. Mapaa ya Fez ni bapa na yamebanana, unaweza kumsalimia jirani ukiwa juu. Tangu zamani paa lilikuwa mahali pa wanawake: kuanika nguo, kukausha nafaka, kuongea bila mashungi na bila wanaume. Hajja aliniambia waziwazi, asubuhi unaruhusiwa kupanda, jioni jua likizama unaruhusiwa, lakini alasiri hapana, majirani wako juu. Hakulionea aibu jambo hilo wala hakuomba radhi. Mgeni alikuwa mimi, na yeye ndiye aliyekuwa akijibu kwa majirani kuhusu mimi. Nilipokosea njia sokoni siku ya pili, muuza ngozi nisiyemjua aliniuliza, "Wewe si yule wa kwa Hajja?" akanirudisha hadi mlangoni.

Najua kuna mtu atasema, lakini ndugu, ulilipa! Ukarimu gani wa dirham 350? Swali zuri. Mimi sioni kwamba pesa inaua ukarimu. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko huko Moroko, alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Kabla ya hapo alipita Mogadishu, na ameeleza utaratibu aliokuta bandarini. Meli ikifika, vijana wa mji walitoka kwa mashua wakiwa na chakula, na kila mmoja alimpa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Biashara iliyofanywa kumpunja mgeni, au bila mwenyeji wake kuwepo, ilihesabiwa kuwa batili.

Angalia vizuri mpango ule. Pesa ilikuwepo, na faida ilikuwepo. Lakini alikuwepo pia mtu mwenye jina na uso, anayeishi pale, ambaye mji mzima ungemuuliza mgeni akidhulumiwa au mgeni akidhulumu. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji. Chai na mito ya kuegemea vinafuata baadaye.

Sasa nyumba ya pili. Kutoka Fez hadi Marrakech ni safari ya treni ya zaidi ya saa sita. Mji wa kale wa Marrakech uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1985, na uwanja wake maarufu wa Jemaa el-Fnaa, wenye wasimulia hadithi na wapiga ngoma, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa simulizi. Nilifikia kwenye riadi nzuri kupita ile ya Fez, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Kuta zilikuwa za tadelakti, ile chokaa ya Marrakech inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi mpaka ing'ae na isipitishe maji. Kila kitu kilikuwa kisafi. Sikutendewa ubaya wowote, naomba nieleweke.

Lakini mwenye nyumba anaishi Ulaya. Anakuja mara mbili kwa mwaka. Meneja ni kijana wa rika langu, mpole, msomi, anaongea lugha nne, na anaishi nje kabisa ya mji wa kale, anakuja kwa pikipiki asubuhi na kuondoka usiku. Wapishi na wasafishaji nao hivyo hivyo. Chai ilimiminwa kutoka juu kama inavyotakiwa, povu likatokea, na kando ya glasi kulikuwa na kadi iliyochapishwa kwa Kifaransa na Kiingereza ikieleza kuwa huu ni ukarimu wa jadi wa Kimoroko. Mkate ulitoka kwenye gari la kiwanda. Nikamuuliza kijana yule, kabla ya hii kuwa riadi, familia gani iliishi hapa? Alifikiri kidogo, akasema hajui. Nikamuuliza tanuri la mtaa liko wapi. Akasema lilikuwepo, sasa ni duka la mazulia.

Na juu ya paa, saa nane mchana, wageni wenzangu walikuwa wamejilaza kwenye viti wakiota jua na nguo za kuogelea. Nyumba ya jirani, moja ya chache zilizobaki na familia, ilikuwa imetundika mashuka ya zamani kwenye kamba kuzunguka paa lake lote. Mwanzoni nilidhani wanaanika. Mashuka hayakutolewa siku zote tatu nilizokaa.

Niliyaona mashuka yale na nikaelewa kwa nini Hajja alikuwa mkali. Pale Marrakech hakukuwa na mtu wa kuniambia hapana. Meneja hawezi, kazi yake ni mgeni afurahi. Mwenye nyumba hayupo. Jirani hana mtu wa kumgongea mlango.

Tulifikaje hapa? Si kosa la mtu mmoja. Wafaransa walipoifanya Moroko himaya yao mwaka 1912, Jenerali Lyautey na mpangaji miji wake Henri Prost waliamua kutoibomoa miji ya kale. Wakajenga miji mipya kando, kama Guéliz pale Marrakech, kwa ajili ya Wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka 1956, familia za Kimoroko zenye uwezo zilihamia huko kwenye maji ya bomba, gereji na mabomba ya maji taka. Majumba yao ya zamani yakagawanywa na kupangishwa chumba kimoja kimoja kwa watu waliotoka vijijini. Mtu wa Kariakoo au Magomeni anaijua picha hii vizuri: familia sita, choo kimoja, ua mmoja, na mwenye nyumba hana hamu ya kukarabati.

Kisha wakaja wanunuzi. Matajiri na wasanii wa Ulaya walishatangulia. Mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alinunua nyumba Marrakech mwaka 1966, na mwaka 1980 yeye na Pierre Bergé wakanunua bustani ya Majorelle. Lakini watu wa kawaida wa Ulaya walifurika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kipindi cha televisheni ya M6 ya Ufaransa kilipoonyesha kuwa unaweza kupata jumba Marrakech kwa bei ya chumba kidogo Paris. Sheria ya Moroko haimruhusu mgeni kumiliki ardhi ya kilimo, ila nyumba ya mjini anaweza. Mwaka 2001 serikali nayo ikatangaza lengo la kufikisha watalii milioni 10 ifikapo 2010. Mwaka 2010 walifika milioni 9.3, na mwaka 2024 walifika milioni 17.4. Watu wote hao lazima walale mahali.

Nisiwe mnafiki, wanunuzi wale waliziokoa nyumba nyingi. Nyumba ya udongo na chokaa isiyotunzwa inaanguka, na inaua. Mwezi Februari 2010 mnara wa msikiti wa kale mjini Meknes uliporomoka wakati wa swala ya Ijumaa baada ya mvua kubwa, watu 41 wakafa. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliua karibu watu 3,000, wengi wao vijijini kwenye milima ya Atlas, na ndani ya Marrakech pia kuta za kale zilianguka. Maskini anayepanga chumba hawezi kuibeba nyumba ya miaka mia mbili. Pesa ya mgeni ilirudisha kazi kwa mafundi ambao Wamoroko wanawaita maalem, neno la shina moja na mwalimu wetu. Vijana wakajifunza tena kuchonga vigae vya zeliji kwa nyundo, kipande kimoja kimoja. Hayo ni mema na yahesabiwe.

Ninachokataa ni kuhesabu ukuta kisha tukasahau waliomo. Rudini kwenye vile vitu vitano. Nyumba kumi za mtaa zikigeuka kuwa za wageni ambao wanakaa siku tatu tatu, nani atapeleka mkate kwenye tanuri? Nani ataenda hamamu ya dirham chache kila wiki? Watoto gani watajaza madrasa? Tanuri linafungwa kwa kukosa wateja, na yule bibi mmoja aliyebaki, ambaye hana jiko la kuokea ndani, anaanza naye kufikiria kuuza. Hakuna aliyemfukuza. Mtaa tu umeacha kumhudumia.

Halafu kuna hatari ya mji mzima kutegemea mgeni. Machi 2020 Moroko ilifunga mipaka kwa sababu ya Uviko-19. Ikafunga tena anga yake kuanzia mwishoni mwa Novemba 2021 hadi Februari 2022. Mtaa wenye familia wakati kama huo unaumia lakini unaendelea kuoka mikate. Mtaa wa riadi tupu unakuwa na makufuli mlangoni na mlinzi mmoja anayelipwa nusu mshahara, kama analipwa.

Kwa hiyo tufanye nini, tusisafiri? Hapana, mimi nataka tusafiri zaidi, hasa sisi Waafrika ambao tunaijua Paris kwa picha na hatuijui Fez kabisa. Ila nina mambo matatu.

La kwanza ni la miji. Leseni ya nyumba ya wageni ndani ya mji wa kale itolewe kwanza kwa mtu anayeishi humo, na kila mtaa uwe na kikomo cha idadi. Benki zikopeshe familia kukarabati ili zipokee wageni, badala ya familia kuuza kwa sababu paa linavuja. Fez kuliwahi kuwa na mpango ulioitwa Ziyarates, wa kuziandaa familia za mji wa kale kuwalaza wageni majumbani mwao. Ziyara, neno tunalolijua. Wazo lile lilikuwa sahihi na lilistahili kupewa nguvu sawa na wanayopewa wawekezaji wakubwa.

La pili ni la wanunuzi. Ukinunua nyumba ya watu kwenye mji wa watu, kaa humo, au mpe hisa anayeishi humo. Yule kijana meneja wa Marrakech anaijua nyumba kuliko mwenye hati. Angekuwa na sehemu yake, na angekuwa analala pale, angekuwa na sauti ya kuwaambia wageni washuke kwenye paa.

La tatu ni letu wasafiri, na ni rahisi. Kabla ya kuuliza bei, uliza mwenye nyumba analala wapi usiku. Uliza mkate unaokwa wapi. Ukipata jibu zuri, lipa bila kubishana sana. Dirham zako zitalala mtaani.

Mtasema mbona unahangaika na Moroko wakati kwetu moto unawaka. Ndiyo maana nahangaika. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Kule Shela, pembeni ya Lamu, nyumba nyingi za mawe zimeshakuwa za watu wa Ulaya wanaokuja msimu kwa msimu. Mji Mkongwe hoteli zinaongezeka huku Beit al-Ajaib, jengo kubwa kuliko yote pale ufukweni, likiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 watu wakiwa ndani. Njia waliyopita Marrakech tunaiona mbele yetu, na sisi tuna bahati ya kuwa nyuma yao kidogo.

Kuna jambo jingine. AFCON ya mwaka 2027 walipewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, mwaka 2023. Tangu siku hiyo mazungumzo ya wakubwa yamekuwa viwanja na hoteli za nyota tano. Sijasikia sana mtu akiongelea yule mama wa Ng'ambo au Tanga mwenye vyumba viwili vya ziada, ua uliofagiwa na mkono mzuri wa kupika. Sisi neno gesti tumeliharibu wenyewe. Ukimwambia Mbongo umelala gesti anacheka pembeni na kukuuliza ulikuwa na nani. Kumbe jirani zetu wa kaskazini wamechukua kitu kile kile, nyumba ndogo, vyumba vitano, mama jikoni, wakakifanya kiwe sababu ya watu kupanda ndege.

Tunaweza kufanya hivyo pia, na tunaweza kukifanya vizuri kuliko Marrakech kama tutaamua mapema nyumba zibaki kwa nani. Methali haikusema mgeni njoo, jengo lipone. Imemtaja mwenyeji. Kama hayupo, basi hakuna wa kupona, na mgeni mwenyewe atakuwa amesafiri mbali kuja kunywa chai na meneja.

Naomba kuwasilisha.